Namna ya Kujua Kwamba Bia Uliyotengeneza Nyumbani Iko Tayari Kutiwa Chupani

Bia inayotengenezwa nyumbani kwa kimea cha shayiri, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) na hamira hupitia wakati mmoja ambao ukikosewa haurekebishiki kwa urahisi, nao ni wakati wa kuitoa kwenye ndoo ya kuchachushia na kuifungia ndani ya chupa. Ikifungwa mapema, hamira itaendelea kula sukari iliyosalia, gesi itakosa pa kutokea, na chupa itapasuka kabatini au itamwaga nusu ya bia mezani mara tu inapofunguliwa. Ikicheleweshwa kwa siku nne au tano, karibu hakuna kinachoharibika. Kwa kuwa hasara za pande hizi mbili hazilingani hata kidogo, mwongozo huu unaegemea upande wa subira, na unashikilia kwamba mwamuzi ni haidromita, yaani kifaa cha kioo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki, wala si kalenda, wala si mapovu.

Mfano utakaotumika humu ni ndoo ya lita 20 ya ale ya kawaida, yaani bia inayochachushwa kwenye joto la chumba, iliyoanza na kipimo cha haidromita cha 1.050 na kuchachushwa kwa hamira kavu ya ale katika chumba chenye nyuzi 20 za Selsiasi. Anayetengeneza laga, yaani bia inayochachushwa kwenye baridi, au anayeishi Dar es Salaam ambako chumba kisicho na kiyoyozi hufika nyuzi 30 kwa urahisi, atabadilisha namba, lakini utaratibu ni ule ule.

Wapikaji wa mbege kule Kilimanjaro na wa busaa magharibi mwa Kenya hawasumbuliwi na swali hili, kwa sababu pombe hizo hunywewa zikiwa bado zinachacha na hukaa katika vyombo visivyofungwa. Ndiyo maana ni hatari kuchukua pombe ya namna hiyo, kuimimina katika chupa ya kioo na kuikaza kizibo ili eti ikae wiki mbili. Chupa ni ya kinywaji kilichokwisha kuchacha.

Kwa nini siku na mapovu havitoshi

Maelekezo yanayokuja na makopo ya dondoo la kimea mara nyingi husema kwamba bia ikae siku saba kisha itiwe chupani. Maelekezo hayo hayajui chumba chako kina joto gani, hamira yako ina umri gani, wala uliitikisa vipi ndoo ili kuipa hamira oksijeni ya kuanzia. Ale ya mfano wetu, kwa nyuzi 20, kwa kawaida humaliza kazi kati ya siku ya tano na ya kumi. Ile ile ikiwekwa penye nyuzi 16 inaweza kuchukua wiki mbili. Kwa upande mwingine, hamira za mashambani za Norwei zinazoitwa kveik, ambazo hufanya kazi vizuri kwenye joto la nyuzi 30 hadi 40 na kwa hiyo zinawafaa sana watu wa pwani yetu, zinaweza kumaliza ndani ya siku tatu au nne. Idadi ya siku, basi, haikwambii lolote la hakika.

Mapovu katika kizibo cha maji, yaani kile kifaa kidogo cha plastiki kinachoruhusu gesi kutoka bila hewa kuingia, hudanganya kwa njia mbili. Mfuniko wa ndoo usipokaza vizuri, gesi hutokea pembeni na kizibo hukaa kimya wakati bia inachacha kwa nguvu zote. Kinyume chake, bia iliyokwisha kuchacha bado ina gesi nyingi iliyoyeyuka ndani yake, na chumba kikipata joto mchana, au hali ya hewa ikibadilika, gesi hiyo hutoka taratibu na kizibo huanza kucheza tena kana kwamba kazi haijaisha. Nimeona watu wakihesabu mapovu kwa saa ya mkononi. Ni burudani nzuri, lakini si kipimo.

Povu zito la juu kuanguka na bia kuanza kung'aa ni dalili bora zaidi kidogo, ingawa kuna hamira ambazo haziteremki chini kwa hiari, na bia za ngano hubaki na ukungu hata zikiwa zimekwisha kabisa. Dalili zote hizi zichukuliwe kuwa ruhusa ya kuanza kupima, si ruhusa ya kutafuta chupa.

Hatua ya kwanza: jua bia yako inatarajiwa kuishia wapi

Haidromita hupima uzito wa kimiminika ukilinganishwa na maji. Maji safi yenye nyuzi 20 husoma 1.000, na maji ya kimea, kwa sababu yamebeba sukari, husoma zaidi ya hapo. Kadiri hamira inavyogeuza sukari kuwa kilevi na gesi, ndivyo namba inavyoshuka. Watengenezaji bia huita kila 0.001 pointi moja, kwa hiyo bia iliyoanza na 1.050 ilianza na pointi 50.

Pakiti ya hamira, au ukurasa wa kiwanda kinachoitengeneza, hueleza ni asilimia ngapi ya pointi hizo hamira hiyo huzishusha. Ikiwa ni asilimia 75, pointi 50 zitabaki kama 12 au 13, na bia itaishia karibu na 1.012. Huo ni ukisiaji tu. Kimea kilicholowekwa katika maji ya nyuzi 63 hadi 65 hutoa sukari nyepesi na bia huishia chini zaidi, kilicholowekwa kwa nyuzi 68 hadi 70 huacha dekstrini nyingi ambazo hamira ya kawaida haizili, na bia za dondoo la kimea zina tabia ya kusimama juu kidogo, pengine 1.016 au hata 1.018. Ukitia laktosi, yaani sukari ya maziwa inayotumika katika stauti tamu, yote hubaki ndani ya bia kwa kuwa hamira ya bia haiwezi kuila.

Ipo njia ya kuondoa ukisiaji huo, na ninaipendekeza kwa yeyote anayejaribu resipe mpya. Siku ile ile ya kutia hamira, chota kama mililita 250 za maji ya kimea, uyatie katika chupa safi pamoja na hamira nyingi kuliko kawaida, ufunike mdomo kwa karatasi ya foili bila kukaza, kisha uweke mahali penye joto la nyuzi 25 au zaidi na kuitikisa kila unapopita karibu. Ndani ya siku mbili tatu sampuli hiyo itakuwa imechacha hadi mwisho wake. Namba itakayosoma ndiyo sakafu ambayo ndoo kubwa inaielekea. Sampuli yenyewe imwagwe, kwa maana ladha yake haifai.

Hatua ya pili: pima kwa usahihi

Kabla ya kuiamini haidromita, iweke katika maji safi yenye nyuzi 20. Ikisoma 1.002 badala ya 1.000, utatoa pointi mbili katika kila kipimo utakachochukua. Angalia pia joto lililoandikwa kwenye karatasi ya ndani ya kifaa, kwa kuwa nyingi hurekebishwa kwa nyuzi 20 lakini za zamani, hasa za Marekani na Uingereza, hurekebishwa kwa nyuzi 15 au 16.

Safisha bomba la ndoo, au kile utakachochotea, kwa dawa ya kuua vijidudu. Ukitumia dawa ya klorini ya nyumbani, suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa sababu mabaki ya klorini huipa bia harufu kama ya plasta ya jeraha. Toa kiasi cha kujaza silinda ya kupimia, kwa kawaida mililita 100 hadi 200. Usifungue mfuniko bila sababu: bia iliyokwisha kuchacha haina tena ulinzi wa gesi inayopanda kwa nguvu, na kila mara unapofungua unaingiza oksijeni ambayo baada ya wiki chache itajidhihirisha kama ladha ya karatasi iliyolowa.

Bia mbichi imejaa gesi, na viputo vyake hung'ang'ania kwenye kioo cha haidromita na kuiinua, hata ukasoma pointi mbili au tatu zisizokuwapo. Mimina sampuli mara kadhaa kutoka glasi moja hadi nyingine mpaka povu litulie, kisha uiache isimame kwa dakika kumi. Teremsha haidromita polepole, uizungushe kwa vidole viwili kama unayewasha kiberiti cha zamani cha gesi ili viputo viachie, na usubiri isimame katikati ya silinda bila kugusa ukingo. Inama mpaka jicho lako liwe usawa mmoja na uso wa bia. Utaona kwamba bia imepanda kidogo pale inapogusana na kioo. Usisome hapo juu, soma usawa wa chini, ule wa uso wenyewe.

Pima na joto. Sampuli ya nyuzi 25 husoma chini kwa pointi moja hivi, kwa hiyo ongeza 0.001. Ya nyuzi 30 ongeza kati ya 0.002 na 0.003. Iliyotoka kwenye friji ikiwa na nyuzi 4, punguza 0.002. Anayeishi Mombasa na kupima bia yake bila marekebisho haya anaweza kufurahia 1.010 ambayo kwa kweli ni 1.0125.

Wenye rifraktomita, kile kifaa kinachotumia tone moja tu la bia, wafahamu kwamba kilevi hupotosha usomaji wake, na kwamba namba inayoonekana baada ya uchachushaji kuanza si ya kweli mpaka ipitishwe katika kikokotoo cha marekebisho. Kwa uamuzi wa mwisho mimi hubaki na haidromita. Sampuli isirudishwe kwenye ndoo hata kama inaonekana safi. Iko siku itarudi na bakteria. Usiimwage, kwani utaihitaji katika hatua ya nne.

Hatua ya tatu: pima tena baada ya siku tatu

Kipimo kimoja hakisemi kama bia imesimama; kinasema tu ilikuwa wapi saa ile. Andika namba, tarehe na joto la chumba, kisha urudi baada ya siku tatu. Vitabu vingi huruhusu saa 48, na kwa ale iliyochacha haraka muda huo hutosha, lakini kwa hamira inayosuasua pointi moja yaweza kuchukua siku mbili kushuka, na pointi moja ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho jicho la kawaida linaweza kukitofautisha kwenye haidromita.

Hapo sasa soma namba mbili kwa pamoja, pamoja na ile uliyoitarajia. Zikiwa sawa na ziko karibu na matarajio, mfano 1.012 na 1.012, uchachushaji umekwisha. Zikiwa zimeshuka, hata kama ni kutoka 1.013 hadi 1.012, subiri siku tatu nyingine. Zikiwa sawa lakini juu sana kuliko matarajio, mfano 1.020 na 1.020, bia haijaisha bali imekwama, na hiyo ndiyo hali ya hatari kuliko zote kwa sababu inafanana kabisa na bia iliyokwisha.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika hesabu. Kila pointi mbili zinazoshuka ndani ya chupa iliyofungwa huzalisha takriban ujazo mmoja wa gesi, yaani lita moja ya kaboni dayoksaidi kwa kila lita ya bia. Bia ya kawaida hulengwa kuwa na ujazo 2.4 hivi. Ukiifunga kwenye 1.016 wakati ilikuwa ikielekea 1.012, kisha ukaongeza sukari ya gesi kama kawaida, umejipatia ujazo wa 4.4. Katika chumba chenye nyuzi 30, mgandamizo ndani ya chupa hiyo ni zaidi ya mara mbili ya upepo wa tairi la gari dogo, na kioo cha bia hakikutengenezwa kwa mzigo huo.

Ikiwa imekwama

Mara nyingi chanzo ni baridi. Usiku wa Arusha au Limuru mwezi Julai unatosha kabisa kuifanya hamira ya ale ilale chini. Sogeza ndoo penye nyuzi 20 hadi 22, uizungushe taratibu bila kurusha bia ili mashapo ya hamira yapande, na upime baada ya siku tatu. Namba isiposhuka, tia hamira mpya iliyokwisha kuamshwa katika maji ya kimea kidogo na inayochacha tayari; hamira kavu ikinyunyizwa moja kwa moja juu ya bia yenye kilevi mara nyingi hufa bila kufanya kazi. Ukiwa ulifanya ile sampuli ya majaribio na nayo ikaishia 1.020, basi hakuna kilichokwama, ila kimea chako ndicho kilichotoa sukari zisizolika.

Hatua ya nne: nusa na uonje

Haidromita hukwambia kama sukari imekwisha, haikwambii kama hamira imemaliza usafi. Katikati ya kazi yake hamira hutoa vitu viwili ambavyo baadaye huvila yenyewe ikiachwa. Cha kwanza ni asetaldehidi, yenye harufu ya tufaha bichi la kijani. Cha pili ni diasetili, yenye harufu ya siagi na ulaini fulani unaoteleza ulimini. Bia ikitolewa kwenye mashapo ya hamira kabla vitu hivyo havijaliwa, vitabaki humo.

Diasetili ina ujanja wake. Kwanza huwapo katika umbo lisilo na harufu, kisha hugeuka polepole, na ndiyo maana bia iliyoonja safi kwenye ndoo inaweza kunuka siagi baada ya wiki tatu chupani. Jaribio lake ni rahisi na halihitaji kifaa cha maabara. Gawa sampuli katika mitungi miwili midogo yenye mifuniko. Mmoja uache mezani. Wa pili uweke ndani ya sufuria ya maji yenye nyuzi 60 kwa nusu saa, ukiwa umefunikwa bila kukazwa sana, kisha uupoze katika maji baridi mpaka ulingane na mwenzake kwa joto. Fungua na unuse mmoja baada ya mwingine. Ikiwa uliopashwa moto unanuka siagi na ule wa mezani haunuki, diasetili imejificha na bia inahitaji siku mbili au tatu zaidi. Ikiwa yote miwili inanuka siagi, iache pia, penye joto zaidi kidogo. Ikiwa hakuna unaonuka, endelea. Kwa laga, iliyochachushwa kwenye nyuzi 10 hadi 12, siku hizi za usafi hufanywa kwa makusudi kwa kuipandisha hadi nyuzi 16 au 18 uchachushaji unapokaribia kuisha.

Ukali wa ndimu katika bia isiyokusudiwa kuwa chachu, au utando mweupe uliokunjamana juu ya uso wake, ni alama ya bakteria au hamira za mwituni. Viumbe hao wanaweza kula hata zile dekstrini zilizoachwa, kwa hiyo kipimo kilichosimama leo kinaweza kuanza kushuka mwezi ujao. Bia ya namna hiyo isifungwe kwenye kioo.

Bia zinazohitaji tahadhari ya ziada

Ukitia hopsi kavu ndani ya bia iliyokwisha kuchacha ili kuongeza harufu, saa ya kupima huanza upya. Hopsi zina vimeng'enya vinavyokata dekstrini na kuzigeuza sukari inayolika, na bia iliyosimama kwenye 1.014 inaweza kushuka hadi 1.011 au chini zaidi. Jambo hili si geni, kwani Horace Brown na Harris Morris wa Uingereza waliliandika tangu mwaka 1893, lakini watengenezaji wengi wa sasa wamelijua baada ya mtindo wa bia zenye hopsi nyingi kuenea. Vipimo viwili vinavyolingana vichukuliwe baada ya hopsi kutiwa, si kabla, na jaribio la diasetili lirudiwe, kwa maana uchachushaji huo mdogo huzalisha diasetili mpya.

Kundi la pili ni hamira za jamii ya diastaticus, zinazotumika sana katika bia za saison za Ubelgiji. Hizi hutoa kimeng'enya chao wenyewe na huendelea kukata dekstrini kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, mpaka 1.004 au 1.002. Ukizitumia, subiri wiki nzima kati ya kipimo na kipimo, na usiridhike na namba inayosimama juu ya 1.008. Vyombo vya plastiki vilivyogusana nazo visafishwe kwa uangalifu mkubwa, la sivyo ndoo ijayo itarithi tabia hiyo hiyo.

Bia nzito, zilizoanza na 1.080 na kuendelea, hukawia tu. Mwezi mmoja si muda mrefu kwake.

Hatua ya tano: poza, pima sukari, jaza

Ukishapata namba mbili zinazolingana na pua ikaridhika, unaweza kuiweka ndoo kwenye friji yenye nyuzi 1 hadi 4 kwa siku mbili ili hamira na mabaki ya hopsi vishuke chini. Si lazima, na usilifanye kabla ya hapo, kwa sababu baridi huilaza hamira na kukupa vipimo viwili sawa vya uongo. Bia inapopoa hunyonya hewa kupitia kizibo cha maji, basi toa maji yaliyomo usije ukayakuta ndani ya bia. Hamira iliyosalia, ingawa huioni, inatosha kutengeneza gesi.

Kiasi cha sukari hukokotolewa kwa joto la juu kabisa ambalo bia ilifikia baada ya uchachushaji kutulia, si kwa joto la friji. Bia iliyokaa kwenye nyuzi 20 imebaki na ujazo 0.85 hivi wa gesi, na ili ifike 2.4 huhitaji gramu 6 za sukari ya kawaida kwa lita. Ukiacha lita moja ya mashapo na kupata lita 19, hiyo ni gramu 114, zipimwe kwa mizani wala si kwa kikombe. Iliyokaa kwenye nyuzi 30 imepoteza gesi zaidi, kwa hiyo ongeza karibu gramu 0.8 kwa lita. Chemsha sukari kwa dakika tano katika mililita 300 za maji, mimina chini ya ndoo safi, kisha hamishia bia juu yake kwa mpira ambao ncha yake imezama, ili ichanganyike bila kurukaruka.

Chupa zilizo bora ni za kahawia za nusu lita, zile nzito zinazorudishwa kiwandani na kujazwa tena, ambazo hufungwa kwa vizibo vya bati vya milimita 26. Epuka chupa nyembamba za kutumiwa mara moja, chupa za kuzungushwa kizibo kwa mkono, na kioo cheupe kinachoruhusu mwanga kuiharibu harufu ya hopsi. Acha nafasi ya sentimita tatu juu.

Chupa ya plastiki ya soda

Katika kila mkupuo jaza chupa moja ya plastiki ya soda, iliyooshwa na kutiwa dawa, uibane mpaka hewa itoke na bia ifike mdomoni, kisha uikaze kizibo. Iweke pamoja na za kioo, ndani ya sanduku lenye mfuniko au kabati, penye nyuzi 20 hadi 24 na gizani. Mwanzoni itakuwa laini na yenye mabonde. Gesi ikianza kujengeka itanyooka, na baada ya wiki moja hadi mbili itakuwa ngumu kama soda ambayo haijafunguliwa. Hapo tia chupa moja ya kioo kwenye friji kwa siku nzima, uifungue juu ya sinki na uonje.

Ikiwa chupa ya plastiki imekuwa ngumu siku ya pili tu, au kitako chake kimevimba mpaka haisimami, usiziguse za kioo kwa mikono mitupu. Vaa miwani ya kinga, glavu nene na shati la mikono mirefu, funika sanduku kwa blanketi na ulihamishie lote kwenye friji. Baada ya saa 24 za baridi, funga kila chupa kwa taulo, inua kizibo kidogo kwa kifungulio mpaka usikie gesi ikitoka, ukiachie kirudi, na urudie kila baada ya saa chache mpaka mlio upungue, ndipo utie vizibo vipya.